Programu Inafanya Kazi, Wewe Unabadilisha Misingi Yake: Inawezekanaje?

Kila mwenye simu ameshapata ujumbe wa aina hii: huduma hazitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri kwa ajili ya maboresho ya mfumo. Ukiupeleka kwenye kundi la WhatsApp la watu wa kompyuta, ubishi unaanza hapo hapo. Wapo wanaosema hakuna namna, programu lazima izimwe ndipo ibadilishwe. Wapo wanaosema huo ni uzembe, maana kuna lugha ambazo unabadilisha chochote mfumo ukiwa unahudumia watu. Katikati ya ubishi anatokea kijana aliyeanza kujifunza lugha ya programu iitwayo Python juzijuzi, anauliza: mbona nimebadilisha thamani ya jina fulani, lakini upande mwingine wa programu yangu bado unatumia ile ya zamani? Swali lake linapitwa. Watu wana mabishano makubwa zaidi ya kumalizia.

Kwa maoni yangu kijana huyo ndiye aliyegusa penyewe. Ukielewa kwa nini upande mmoja wa programu unaona kipya na mwingine unaona cha zamani, utaelewa pia lini mfumo unaweza kubadilishwa ukiwa unakwenda na lini hauwezi.

Tuweke maneno sawa kwanza. Ninaposema mfumo hai, nina maana ya programu inayofanya kazi sasa hivi, yenye kazi nusunusu mkononi na data kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kitu ni data iliyofungwa pamoja na shughuli zake: akaunti ni kitu, dirisha kwenye skrini ni kitu. Lugha zinazojengwa juu ya vitu hufanya kazi kwa vitu kutumiana ujumbe. Unaiambia akaunti "toa shilingi elfu kumi", na yenyewe inajua la kufanya. Klasi ni maelezo ya jinsi vitu vya aina moja vinavyoundwa, na methodi ni maelezo ya jinsi kitu kinavyojibu ujumbe mmoja. Jina la mfumo mzima ni jina ambalo sehemu yoyote ya programu inaweza kulitaja na likaeleweka. Baadhi ya majina haya ni ya msingi, yaani mfumo wenyewe unayategemea ili uendelee kwenda. Hayo ndiyo tunayoyazungumzia.

Mfumo usio na nje

Nitatumia Smalltalk, kwa sababu humo tatizo limekaa wazi bila kificho. Lugha hii ilizaliwa katika miaka ya 1970 kwenye maabara ya Xerox PARC, Palo Alto, California, mikononi mwa Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao. Toleo lililoenea duniani ni Smalltalk-80. Kizazi chake kipo hadi leo: Squeak, iliyotoka mwaka 1996 kwa kundi la Ingalls na Kay lililokuwa Apple wakati huo, na Pharo, iliyojitenga na Squeak mwaka 2008. Zote mbili unaweza kuzipakua bure jioni hii na kujaribu ninayoyaeleza.

Wengi tumezoea kuandika programu kwenye faili la maandishi, kisha kuiendesha, kisha kuizima tukitaka kurekebisha. Smalltalk haiendi hivyo. Kihariri unachoandikia, kompaila (inayogeuza ulichoandika kuwa maagizo ya kutekelezwa), klasi, data yako na madirisha yote ni vitu vinavyoishi pamoja ndani ya kumbukumbu moja. Ukihifadhi, kumbukumbu nzima inaandikwa kwenye faili moja linaloitwa taswira. Ukilifungua kesho, madirisha yako pale ulipoyaacha na sentensi uliyoikatisha katikati bado inakusubiri. Chini yake kuna programu nyingine, mashine pepe, ambayo kazi yake ni kuitekeleza taswira hiyo kwenye kompyuta halisi.

Maana yake ni kwamba hakuna pa kusimama nje ukarekebisha ndani. Kompaila unayoitumia kubadilisha mfumo ni sehemu ya mfumo unaoubadilisha. Hapo ndipo raha ilipo, na hatari pia.

Raha yenyewe ilionekana Desemba 1979, Steve Jobs alipotembelea PARC. Kay ameeleza kwamba Jobs hakupenda jinsi maandishi yalivyosogea kwa kurukaruka kwenye skrini, akauliza kama yanaweza kuteleza taratibu. Ingalls akatafuta methodi zinazohusika, akazibadilisha mbele ya wageni, na katika muda usiofika dakika moja maandishi yakawa yanateleza. Hakuzima chochote. Kisa hiki hurudiwa sana, na kimewapa wengi imani kwamba kwenye mfumo wa aina hiyo kila kitu hubadilika kwa urahisi huo. Ila tuangalie alichobadilisha: methodi za kusogeza maandishi. Kitu kilibaki kile kile na jina lake lile lile, kikapewa tu namna mpya ya kujibu. Kuondoa kitu chenyewe ambacho mfumo mzima unakitaja kwa jina, na kuweka kingine mahali pake, ni kazi ya aina nyingine kabisa.

Jina, sanduku, na kilichomo

Watu wengi hudhani kuna vitu viwili tu, jina na kitu. Kumbe kuna cha tatu katikati yake, na kukisahau ndiko kunakoleta matatizo mengi.

Fikiria anwani ya S.L.P. Mtu anayeiandikia ofisi yako barua hahitaji kujua jengo liko mtaa gani. Anaandika namba ya sanduku na barua inafika. Ofisi ikihama Kariakoo ikaenda Mikocheni, sanduku linabaki posta, namba haibadiliki, na waandishi wa barua hawaambiwi kitu. Wanaopata taabu ni wale waliozoea kuacha sanduku na kupeleka barua kwa mkono kwenye jengo la zamani.

Smalltalk hufanya hivyo hivyo. Ina kamusi kuu ya majina, na kila jina ndani ya kamusi hiyo lina sanduku lake: kitu kidogo chenye nafasi mbili, moja ya jina na moja ya thamani. Kompaila ikikuta jina kama Transcript ndani ya methodi, inalitafuta sanduku la jina hilo kwenye kamusi na kuliweka sanduku lenyewe ndani ya methodi. Baada ya hapo methodi haina haja tena ya kurudi kwenye kamusi. Methodi mia zikitaja Transcript, zote mia zimeshika sanduku moja.

Transcript ni mfano mzuri wa kuanzia, kwa sababu kila mtu wa Smalltalk anaijua: ni mahali mfumo unapoandika taarifa zake, na kuna dirisha linaloonyesha taarifa hizo. Tuseme unataka taarifa ziende kwenye faili badala ya dirisha. Umeshatengeneza kitu kipya, na unataka jina Transcript liwe lake.

Njia ya kwanza ni kubadilisha kilichomo ndani ya sanduku:

`Smalltalk at: #Transcript put: mwandishiWaFaili`

Sanduku halijaguswa, thamani yake tu ndiyo imebadilika. Kila methodi itakayolifungua baadaye itakuta kitu kipya. Hakuna kinachohitaji kukompailiwa upya, na badiliko lenyewe ni hatua moja: hakuna sekunde ambayo jina halina kitu.

Njia ya pili inaonekana safi zaidi machoni mwa anayeanza: futa jina, kisha liunde upya. Ukifanya hivyo umetengeneza sanduku la pili lenye maandishi yale yale juu yake. Methodi za zamani bado zimeshika la kwanza. Utakazoandika kuanzia sasa zitashika la pili. Ukifungua msimbo wa zote, yaani maandishi ya programu yake, utasoma Transcript na Transcript, herufi kwa herufi, na huku mifumo miwili inaishi ndani ya mmoja. Sijui hitilafu inayochosha kuitafuta kuliko hii, kwa sababu kila unachokisoma kwenye skrini kinakwambia mambo yako sawa.

Waliotengeneza Smalltalk waliliona hili. Ndiyo maana kuna kamusi ya pembeni iitwayo Undeclared. Ukileta msimbo unaotaja jina ambalo bado halipo, kompaila hailikatai. Inatengeneza sanduku tupu na kuliweka humo kwa muda. Siku jina hilo likitangazwa rasmi, mfumo hautengenezi sanduku jipya. Unalihamisha lile lile kutoka Undeclared kwenda kamusi kuu, na methodi zote zilizokuwa zikilisubiri zinajikuta zimeunganishwa. Nayo klasi iliyoondolewa, katika Squeak na Pharo, hupewa jina jipya linaloanza na AnObsolete. Ukiliona neno hilo mahali, ujue kuna mtu bado ameshika kitu kilichokwisha kufutwa.

Bado kuna kundi la tatu, lile la kupeleka barua kwa mkono. Dirisha la Transcript ulilofungua asubuhi lilifungua sanduku mara moja tu, likachukua kitu kilichokuwemo, likakishika moja kwa moja. Ukibadilisha thamani ya sanduku saa sita mchana, dirisha halina habari. Litaendelea kukitazama kitu cha zamani ambacho hakuna anayekiandikia tena, na wewe utakaa ukiangalia dirisha tupu ukidhani mfumo umekufa, kumbe faili linajaa taarifa. Kundi hili ni pana: vitu vilivyotunza thamani kwenye nafasi zao za ndani, klasi zilizoiweka akiba ili kuokoa muda, na kazi iliyolala katikati ya methodi huku ikiwa imeshasoma thamani ya zamani kabla haijalala.

Sasa tunaweza kumjibu yule kijana wa Python. Alipoandika

`from bei import kiwango`

alichukua kilichokuwa ndani ya sanduku la moduli ya bei (faili la programu lenye jina hilo) na kukiweka kwenye sanduku lake mwenyewe, ambalo kwa bahati mbaya lina jina lile lile. Moduli ya bei ikibadilisha kiwango chake, sanduku la kijana halijui. Angeandika `import bei`, kisha akaita `bei.kiwango` kila anapokihitaji, angekuwa analifungua sanduku la asili kila mara.

Majina yanayobeba mfumo

Transcript ikiharibika utakosa taarifa, lakini utaishi. Yako majina mawili ambayo hayana msamaha huo.

La kwanza ni Processor. Hiki ndicho kitu kinachotunza orodha ya kazi zinazosubiri zamu na ile inayoendelea sasa. Kinachovutia ni kwamba mashine pepe yenyewe, ambayo iko chini ya lugha, hukipata kitu hiki kwa kupitia sanduku. Imepewa sanduku la Processor kwenye orodha fupi ya vitu maalumu inavyovihitaji ili ifanye kazi, pamoja na nil (kitu kinachosimamia "hakuna"), kweli na si kweli. Kwa hiyo ukibadilisha kilichomo, mashine pepe itakiona kipya mara tu itakapohitaji kubadilisha zamu.

Lakini mashine pepe haiulizi kitu hicho ni cha klasi gani, wala haikitumii ujumbe. Inakwenda moja kwa moja kwenye nafasi yake ya kwanza kuchukua orodha za wanaosubiri, na nafasi ya pili kuchukua kazi inayoendelea. Ukiweka kitu chenye methodi zote zinazotakiwa lakini nafasi zake za ndani zimepangwa vingine, kwa lugha yenyewe kitaonekana halali kabisa. Mashine pepe itasoma takataka na kuanguka. Hapo hakuna ujumbe wa kosa utakaokuja kukueleza, kwa sababu aliyekuwa aulete naye ameanguka.

La pili ni Smalltalk lenyewe. Jina hili ndilo linalotumika kuifikia kamusi kuu, na ni mojawapo ya majina yaliyomo ndani ya kamusi hiyo hiyo. Tazama amri niliyoandika hapo juu: inaanza na Smalltalk. Ukiweka kwenye sanduku la Smalltalk kitu kisichojua kujibu ujumbe `at:put:`, umejifungia mlango kwa ndani na kuutupa ufunguo nje, maana amri ya kurekebisha inahitaji kile kile ulichokiondoa.

Jina hili lilishabadilishwa kweli. Katika Squeak, kwa miaka mingi Smalltalk lilikuwa kamusi yenyewe. Baadaye waendelezaji wake waliona kamusi imebebeshwa kazi zisizoihusu, kama kuhifadhi taswira na kusoma mipangilio ya mashine, wakaliweka jina hilo kwenye kitu cha klasi nyingine, SmalltalkImage, na kamusi ikabaki ndani yake. Msimbo wa miaka mingi ulikuwa umejaa amri za `Smalltalk at:` za zamani. Kwa hiyo kitu kipya kilipewa methodi za kupokea ujumbe huo na kuupeleka kwenye kamusi. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na kazi kubwa. Kuweka thamani kwenye sanduku ni mstari mmoja, ilhali kuhakikisha mgeni anajibu kila ujumbe ambao mwenyeji alikuwa akijibu kunadai subira ya kupitia maelfu ya mistari ya watu wengine.

Kazi inavyofanyika

Anayejua kazi hii huanzia nje ya mfumo, kwa kunakili faili la taswira na faili la mabadiliko linaloandamana nalo. Hilo la mabadiliko huandika kila methodi unayoibadilisha, na mfumo ukianguka unaweza kulisoma na kurudisha kazi yako. Nakala ya taswira ndiyo kinga pekee isiyotegemea chochote unachokwenda kukigusa.

Kisha kitu kipya kinajengwa pembeni, kwa jina lake chenyewe, na kujaribiwa kwa ujumbe wote ambao cha zamani hupokea. Hapa watu wengi hujaribu ule wanaoukumbuka tu. Transcript hupokea `show:` na `cr`, hao kila mtu anawajua. Lakini kuna msimbo unaoiita `endEntry`, `tab` au `clear`. Ujumbe mmoja usiojulikana unatosha kuzaa kosa, na mfumo ukitaka kuripoti kosa hilo kupitia Transcript hiyo hiyo, kosa linazaa kosa. Njia ya kuaminika ni kuuliza mfumo wenyewe: methodi zipi zimeshika sanduku hili, na kila moja inakitumia kitu hicho ujumbe gani? Smalltalk inaweza kukupa orodha hiyo papo hapo, jambo ambalo lugha nyingi hulihusudu.

Kabla ya kubadilisha, shika mkononi vitu viwili, sanduku na thamani ya zamani:

`sanduku := Smalltalk associationAt: #Smalltalk.`
`zamani := sanduku value.`

Ukiwa navyo kwenye dirisha lako la kazi, kurudi nyuma ni `sanduku value: zamani`, amri ambayo haitaji jina Smalltalk popote. Ule mlango uliojifungia una pa kutokea.

Badiliko likihusu majina mawili yanayotegemeana, tahadhari inaongezeka. Kati ya kuweka la kwanza na la pili, kazi nyingine inaweza kuamka ikakuta moja jipya na moja la zamani. Hapo mabadiliko yote mawili huendeshwa kwa kipaumbele cha juu, ili pasipatikane wa kuingia katikati. Wengine huongeza kipima muda: anzisha kazi ya pembeni inayosubiri nusu dakika, na kama hujathibitisha kwamba mambo ni mazuri, irudishe thamani ya zamani yenyewe. Ni mbinu ninayoipenda, isipokuwa kwa Processor. Kipima muda chenyewe kinategemea zamu za kazi, na zamu ndizo unazozichezea.

Baada ya kubadilisha inakuja kazi ya kuwafuata walioshika cha zamani: kufunga na kufungua upya madirisha, kufuta akiba, kuacha kazi zilizokuwa katikati zimalize. Si lazima wote wahame kwa siku moja. Ni busara kukiacha kitu cha zamani kikiwa hai na kukiagiza kipeleke kila ujumbe kinachopokea kwa kipya, mpaka utakapouliza mfumo nani bado amekishika na kujibiwa hakuna.

Kitufe cha kuhifadhi kinaguswa mwisho kabisa, na kwa jina jipya la faili.

Yanayosemwa na yasiyo sahihi

"Ukizima na kuwasha, yote yanaisha." Kwenye programu ya kawaida mara nyingi ni kweli, kwa sababu kuwasha huanza upya kutoka kwenye faili la msimbo. Kwenye taswira, ukihifadhi mfumo ulioharibika utafungua mfumo ulioharibika, pale pale ulipouacha. Squeak ina skrini tupu ya dharura inayotokea pale hata kifaa cha kuchunguzia makosa kinaposhindwa, ambapo unaweza kuandika amri moja moja. Imewaokoa watu. Lakini nayo ni sehemu ya taswira, na inahitaji kompaila na kazi zinazopeana zamu.

"Tumia become:, haina haja ya masanduku." Ujumbe huu wa Smalltalk hubadilishana utambulisho wa vitu viwili: kila aliyekuwa ameshika A sasa ameshika B, hata wale wa kupeleka barua kwa mkono. Kweli una nguvu, na hutumika klasi inapobadilishwa muundo na vitu vyake vyote vikahitaji kuhama. Katika Smalltalk-80 ulikuwa rahisi kwa sababu kulikuwa na jedwali la vitu la kubadilisha mistari miwili. Squeak ya zamani ililazimika kupekua kumbukumbu nzima. Mfumo mpya wa kumbukumbu ulioingia na Squeak 5.0 mwaka 2015 huacha alama ya kuelekeza na kumalizia uhamisho kadiri vitu vinavyoguswa. Ila nguvu hiyo haichagui. Itawahamisha hata waliotakiwa kubaki na cha zamani, na haitasaidia kitu kama kipya hakijui kujibu ujumbe. Kwa jina la msingi, mimi ningeanza na sanduku na kuiacha become: iwe ya mwisho.

"Mabenki yanazima mifumo kwa sababu yanatumia lugha za kizamani." Ubishi huu huchanganya msimbo na data. Huduma ya fedha ina hifadhidata, seva nyingi, na mifumo ya kampuni nyingine iliyounganishwa nayo. Kuna sanduku kwenye kila moja, na hakuna anayeyashika yote. Erlang, lugha iliyoanzia Ericsson katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimika, huruhusu matoleo mawili ya moduli moja kuishi pamoja, la sasa na la zamani, ili waliokuwa katikati wamalize. Ukipakia la tatu, kazi zozote zilizobaki kwenye la kwanza huuawa. Hata walioitengeneza lugha mahususi kwa jambo hili waliona lazima wa zamani wawekewe kikomo.

"Lugha za kisasa haziruhusu mchezo huo." Ziliruhusu, na nyingine bado zinaruhusu. Katika Python 2 ungeweza kuandika `True = False` na lugha ikakubali; Python 3 ndiyo iliyoyafanya maneno hayo yasiguswe. JavaScript, lugha ya kurasa za tovuti, iliruhusu jina `undefined` lipewe thamani nyingine mpaka kanuni za mwaka 2009. Na hadi leo kwenye JavaScript mtu yeyote anaweza kuongeza methodi kwenye vitu vya msingi vinavyotumiwa na ukurasa mzima.

Madhara yake yalionekana mwaka 2018. Maktaba ya msimbo iitwayo MooTools, ambayo tovuti nyingi ziliitumia, ilikuwa imeongeza kwa miaka mingi methodi yake ya `flatten` kwenye orodha zote. Wasimamizi wa lugha walipotaka kuongeza methodi rasmi ya jina hilo hilo, kivinjari cha majaribio cha Firefox kikaonyesha kwamba kuna tovuti inayovunjika. Sababu ilikuwa ndogo ajabu. Methodi zinazoongezwa na mtu huonekana ukipitia orodha ya majina ya kitu, ila methodi rasmi zimefichwa zisionekane. MooTools ilipoandika ya kwake juu ya ile rasmi, ilirithi ule ufichwaji, na hatua yake ya kunakili majina ikaipita bila kuiona. Mmoja wa waandishi wa pendekezo akatania kwamba basi methodi iitwe `smoosh`, watu wakachukulia kweli, na mtandaoni pakawaka moto kwa siku kadhaa. Mwishowe wasimamizi waliliacha jina walilokuwa wamelitaka. Methodi iliyoingia kwenye kanuni za 2019 inaitwa `flat`, na tovuti za zamani za MooTools zimeachwa na `flatten` yao.